Duka la Vifaa vya Ndege Mtandaoni

Swali: Mkazi wa London anayetaka kuuza matundu, chakula na vifaa vya ndege wa kufugwa mtandaoni aanzie wapi?

Jibu: Sheria humtenga muuza vifaa na muuza ndege. Biashara ya kuuza ndege hai wa kufugwa huhitaji leseni ya halmashauri, chini ya kanuni za mwaka 2018. Kuuza tundu hakuihitaji. Hata Club Row, gulio la ndege lililovuma mashariki mwa jiji, lilikoma kuuza wanyama hai baada ya sheria ya 1983.

Mapato ya biashara yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, mfanyabiashara binafsi hujisajili kwa mamlaka ya kodi, HMRC. Mnunuzi wa mtandaoni, kwa kawaida, ana siku 14 za kughairi tangu apokee mzigo, na hapo ndipo faida huvuja: tundu ni kubwa, na gharama ya kulisafirisha hupanda kwa ukubwa wa boksi. Afadhali kuanza na mbegu na vitu vya kuchezea. Kasuku wa kijivu, yule wa misitu ya Kongo, hutafuna kipande cha mbao laini mpaka kiwe vumbi, kwa hiyo mteja hurudi.

Ubora ndio unaotaka jicho kali. Waya uliopakwa zinki ovyo unaweza kumpa ndege sumu. Kamba iliyofumuka humnasa kucha. Maelezo ya tundu yataje nafasi kati ya nondo: kwa kasuku wadogo, takriban milimita 12, ndege asije akapenyeza kichwa.