Masala ya Kijana Aliyeiba: Akiri au Ajisitiri?

Tumeletewa masala katika darsa yetu, nasi twaona si vema jawabu lake libaki kwa mtu mmoja, kwani yaliyomsibu huyu muulizaji huwasibu vijana wengine katika miji yetu ya Migori na Homa Bay, na wazazi wao hawana habari.

Kijana mwenyewe ana miaka 16, naye anasoma Migori. Wakati wa likizo hupelekwa Homa Bay kumsaidia mjomba wake dukani. Huko alichukua fedha katika droo mara tatu, jumla yake shilingi 14,500, akazimaliza zote katika kamari ya simu. (Juu ya kamari hatutasema mengi leo. Aya ya 90 ya Suratul Maida yatosha, na anayedhani si kamari kwa kuwa huchezwa kwa kidole juu ya kioo amejidanganya mwenyewe.) Mjomba alipohesabu akaona upungufu, akamshuku mfanyakazi wake, kijana wa Kiluo, Mkristo, aliyekuwa naye kwa miaka miwili. Akamfukuza mbele ya wateja kwa jina la wizi, na mshahara wake wa mwezi akauzuia. Huyu wetu alikuwa amesimama papo hapo, akanyamaza. Sasa hapati usingizi, na swala zake, asema, zimekuwa nzito. Auliza: je, ni lazima akiri, au yatosha atubu kwa Mola wake na kuzirejesha fedha kwa siri?

Wako waliomjibu upesi kwamba asimame msikitini baada ya swala ajitangaze. Hilo silo. Dini yetu haina padri wa kusikiliza madhambi, wala haikuamrisha mtu ajifedheheshe. Mtume (s.a.w.) amewalaumu wale ambao Mwenyezi Mungu amewasitiri usiku, kisha kukicha wao wenyewe wakaifunua sitara hiyo kwa kuyahadithia waliyoyatenda. Na katika habari ya Maiz, aliyekwenda kukiri zina, Mtume alimwambia Hazzal, ambaye ndiye aliyemhimiza aende, kuwa lau angalimfunika kwa nguo yake ingalikuwa kheri kwake. Basi asili ya jambo ni kujisitiri.

Lakini kujisitiri siko kutubu. Imamu Nawawi, katika mlango wa toba wa Riyadhus Salihin, ameeleza kuwa dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina sharti tatu za toba: kuiacha, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa dhambi yahusu haki ya mwanadamu, huongezeka sharti ya nne, nayo ni kuitoa haki hiyo kwa mwenyewe. Kulia usiku hakulipi deni la mtu. Ilipopiganwa Khaibar, Mtume alieleza kuwa nguo iliyochukuliwa katika ngawira kabla ya kugawanywa yamuwakia moto aliyeichukua, na watu walikuwa wamekwisha kumhesabu mtu yule kuwa shahidi. Aliposikia hayo, mtu mwingine akaja mbio na ukanda wa kiatu. Sahaba yule hakungoja kuulizwa thamani yake.

Asidhani pia kuwa udogo wake wamwokoa. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, aliyetimiza miaka 15 ya mwandamo amekwisha baleghe. Na hata asiyebaleghe, ingawa haandikiwi dhambi, mali aliyoiharibu hulipwa kutokana na mali yake.

Basi lau jambo hili lingalikuwa baina yake na mjomba peke yake, jawabu letu lingalikuwa jepesi. Tungalimwambia: zikusanye fedha, zitie katika bahasha, ziache dukani, wala usiandike jina. (Asizitume kwa simu, kwani jina la mtumaji hutokea.) Ilivyo wajibu ni haki imfikie mwenyewe, wala si lazima ajue mkono ulioileta. Mjomba angaliipata mali yake, na kijana angalibaki katika sitara ya Mola wake.

Hapa ndipo twamwomba msomaji asimame kidogo. Bahasha ile ikikutwa dukani, mjomba atasema nani ameirejesha? Hapana shaka atasema ni yule aliyefukuzwa, amejuta. Fedha zitakuwa zimerudi, na uwongo juu ya mtu asiye na hatia utakuwa umethibiti zaidi kuliko kwanza! Kijana huyu ana madeni mawili. La mali laweza kulipwa kwa siri. La pili ni heshima ya mtu na riziki yake, nalo halilipiki ila kwa ulimi.

Na hili si rai yetu tu. Wafasiri wengi wamesimulia, katika sababu ya kushuka aya za Suratun Nisaa kuanzia ya 105, kuwa mtu mmoja wa Ansari, Tu'ma bin Ubayriq wa ukoo wa Bani Dhafar, aliiba deraya ya jirani yake iliyokuwa ndani ya mfuko wa unga, kisha akaiweka kwa Myahudi aliyeitwa Zayd bin Samin. Ilipokutwa huko, jamaa zake Tu'ma wakamwendea Mtume wamtetee mtu wao, na hatia imwangukie Myahudi. Aya zikashuka zikamkataza Mtume kuwatetea makhaini, na ile ya 112 ikaeleza kuwa mwenye kutenda kosa kisha akamtupia asiyelitenda amejitwisha uzushi pamoja na dhambi iliyo wazi. Qurani ilimtakasa asiye Mwislamu mbele ya Mwislamu aliyeiba. Wale wanaomnong'oneza kijana kuwa aliyefukuzwa “si wetu” na wasome hapo, wajione wamesimama katika safu gani.

Kwa hiyo jawabu letu ni kuwa akiri, lakini akiri kwa mwenye haki, si kwa soko. Sote twajua katika miji hii ukelele wa “mwizi” huleta mawe kabla ya kuleta polisi. Aende na mtu mzima anayeheshimiwa na mjomba, nyumbani, baada ya duka kufungwa. Na mmoja aliyeuliza katika darsa juu ya kukatwa mkono ajue kuwa hukumu za hadd ni za mtawala, si za baraza wala za mjomba. Hata makadhi wetu, kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 170, wanahukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Nayo Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka njia ya kusuluhisha kosa la mtoto nje ya mahakama. Mzazi asimtishe mwanawe kwa jela hata akaogopa kusema kweli.

Wazee wawili wa darsa walifuatana naye kwa gari la kupitia Rongo. Mjomba alighadhibika, kisha akakaa kitako akasikiliza. Wameafikiana kuwa kijana afanye kazi dukani likizo tatu bila ujira, na baba yake alipe kitakachobaki. Siku ya pili wakamtafuta yule mfanyakazi, wakamkuta ufukweni akibeba magunia ya omena. Mjomba akamlipa mshahara aliouzuia, na kijana akamwomba radhi kwa kinywa chake. Akasema kijana amemsamehe, lakini mjomba alimwita mwizi mbele ya watu, basi ataka maneno ya kumtakasa yasemwe pale pale, mlangoni pa duka, majirani wakisikia.

Twaona haki ni yake. Mpaka tunapoandika haya, mjomba hajayasema.