Bima ya Ugonjwa: Tusome Namna Wanavyofanya Inchini India



Mara nyingi katika ukurasa huu tunasema juu ya kofia ya kazi, miwani, vumbi na namna ya kubeba vitu vizito. Leo tutasoma jambo lingine la afya. Jambo hili halionekani kwa macho, lakini linaweza kuangusha nyumba kuliko jiwe. Ni gharama ya hospitali.

Fikiri kidogo. Mtu anaanguka mgonjwa usiku. Munganga anasema: apasuliwe leo. Kama hakuna anayelipa, jamaa inauza radio, baiskeli, mabati ya nyumba, halafu inakopa. Mgonjwa anapona, lakini watoto wanatoka masomoni. Ili jambo hilo lisitokee, watu walitafuta njia ya kulipa kidogo kidogo wakati wangali na nguvu. Njia hiyo ni bima, ile ambayo wengi kwetu wanaita asiransi.

Tutachukua mfano wa India. Kwa nini India? Kwanza, ni inchi yenye watu wengi kuliko inchi zote za dunia, na wengi wao ni wafanya kazi wa mikono kama sisi. Pili, kuna huko bima za kila namna, na kwa hiyo tunaweza kuzilinganisha. Tena, neno lenyewe “bima” Wahindi wanalisema vilevile, kama wanavyosema rupia na laki. Tutakapoandika laki, ujue ni 100,000.

1. BIMA NI NINI?

Bima ni mfuko wa watu wengi. Kila mmoja anatia mchango. Yule anayepatwa na ugonjwa analipiwa kwa feza za mfuko. Yule asiyepatwa harudishiwi mchango wake, naye asisikitike: kukaa bila ugonjwa ni faida yake. Kwa hiyo bima si akiba. Akiba ni yako peke yako, lakini inaisha siku moja hospitalini. Mfuko wa wengi hauishi upesi hivyo.

2. NJIA NNE ZA INDIA

Njia ya kwanza: bima ya wafanya kazi wenye mshahara mdogo. Sheria yake ilitoka mwaka 1948, na kazi ilianza tarehe 24 Februari 1952 katika miji ya Kanpur na Delhi. Tangu mwaka 2017 inawapokea wanaopata mshahara usiopita rupia 21,000 kwa mwezi. Kutoka Julai 2019 mfanya kazi anatoa sehemu 0.75 kwa mia ya mshahara wake, na tajiri wake anatoa 3.25 kwa mia. Hesabu basi: mwenye mshahara wa rupia 20,000 anakatwa 150, na tajiri anaongeza 650. Kwa feza hizo anatunzwa yeye na jamaa yake. Tena akilala mgonjwa, anapewa sehemu 70 kwa mia ya mshahara wake, mpaka siku 91 kwa mwaka.

Sheria ile ya 1948 ilihesabu viwanda, lakini iliiacha migodi. Wachimbaji wa makaa ya mawe wanatibiwa katika hospitali za kampani yao, Coal India, wao na jamaa zao. Jambo hili sisi tunalielewa bila kufundishwa.

Njia ya pili: bima ya serikali kwa maskini. Mwaka 2008 ulianza mpango ulioitwa Rashtriya Swasthya Bima Yojana. Jamaa ya watu watano iliandikishwa kwa rupia 30, ikapata matibabu ya hospitali mpaka rupia 30,000 kwa mwaka. Mpango huo ulikuwa mwanzo tu. Tarehe 23 Septemba 2018, katika mji wa Ranchi, jimbo la Jharkhand, jimbo la makaa na chuma, ulianzishwa mpango mkubwa unaoitwa Ayushman Bharat. Huu unalipa mpaka laki 5 kwa jamaa moja kila mwaka, na jamaa haihesabiwi vichwa. Maskini hatoi mchango. Tangu Oktoba 2024 wazee wote wa miaka 70 na zaidi wanaingia pia, tajiri kwa maskini. Lakini uangalie: mpango huu unalipa mgonjwa aliyelazwa. Mwenye homa anayekwenda kwa munganga na kurudi nyumbani, hautamlipia.

Njia ya tatu: bima ya kundi. Kampani inanunua bima moja kwa wafanya kazi wake wote. Ni nzuri na ni rahisi. Lakini ina mlango wa kutokea: mtu akiacha kazi, anaacha bima.

Njia ya nne: bima ambayo mtu anajinunulia mwenyewe. Mwaka 1986 kampani za bima za serikali zilianza kuuza ile inayoitwa Mediclaim. Baada ya sheria ya mwaka 1999, kampani za watu binafsi ziliruhusiwa pia, chini ya biro ya uangalizi inayoitwa IRDAI. Tangu tarehe 22 Septemba 2025 serikali imeondoa kodi ya sehemu 18 kwa mia iliyokuwa juu ya michango ya bima hizi.

3. MTU MMOJA AO JAMAA NZIMA?

Anayejinunulia bima ataulizwa: unataka kila mtu awe na yake, ao moja ya nyumba nzima? Tupige hesabu.

Baba, mama na watoto wawili wananunua bima moja ya jamaa ya laki 5. Katika mwaka, baba anapasuliwa kwa rupia 350,000. Katika mfuko wao inabaki 150,000. Mwaka huo huo mtoto anaugua, na hospitali inadai 200,000. Bima inalipa 150,000, na jamaa inatafuta 50,000 yenyewe. Kama kila mmoja angekuwa na laki 5 yake, mtoto angelipiwa yote. Lakini wangelipa michango minne, na jumla yake ni kubwa zaidi.

Kwa vijana wenye watoto wadogo bima moja ya jamaa inafaa, sababu ni vigumu wote kulazwa mwaka mmoja. Lakini usitie ndani yake baba yako mzee wa miaka 68. Mchango wa bima ya jamaa unahesabiwa kwa umri wa yule aliye mkubwa kuliko wote. Ukimtia mzee, mtalipa wote kama wazee. Mzee apewe bima yake peke yake. Tangu mwaka 2024 kampani haziruhusiwi tena kusema: huyu amepita miaka 65, hatumpokei.

4. MANENO MADOGO YENYE MENO

Barua ya bima ni ndefu, na herufi zake ni ndogo. Watu wengi wanatia sahihi bila kusoma. Maneno manne hasa yanauma.

a) Muda wa kungoja. Siku 30 za kwanza bima hailipi ugonjwa, inalipa ajali tu. Kwa hiyo anayekimbilia bima akiwa tayari kitandani amechelewa.

b) Ugonjwa uliotangulia. Kama una tansiyo, ugonjwa wa sukari, ao vumbi kifuani mbele ya kununua bima, kampani inaweza kukungojesha. Zamani iliweza kungojesha mpaka miaka minne. Tangu mwaka 2024 haiwezi kupita miaka mitatu. Mpango wa Ayushman Bharat haungojeshi: unalipa toka siku ya kwanza.

Hapa wengi wanajaribu ujanja. Wanaficha ugonjwa ili wapokelewe upesi. Siku ya kulipwa, kampani inafungua makaratasi ya munganga, inaona dawa za zamani, na inakataa kila kitu. Useme kweli, uandike kweli. Na aliyelipa miaka mitano bila kukatiza, kampani haiwezi tena kumfukulia makosa ya maandiko, isipokuwa ikihakikisha kwamba alidanganya kwa kusudi.

c) Bei ya chumba. Kuna huko bima ya namna moja ambayo tangu mwaka 2020 kila kampani inapaswa kuiuza. Inaitwa Arogya Sanjeevani. Inalipa chumba kwa siku sehemu 2 kwa mia ya bima yako, na isipite rupia 5,000. Mwenye bima ya laki 2 basi ana haki ya chumba cha 4,000. Akichagua chumba cha 8,000 kwa kutaka heshima, hatalipa ile 4,000 tu iliyozidi. Katika bima nyingi za namna hii, malipo ya munganga na ya upasuaji yanakatwa nusu pia, kwa sababu amechukua chumba cha bei mara mbili. Dawa na vipimo havikatwi hivyo. Kitanda kizuri cha siku tano kinaweza kuleta deni la mwaka.

d) Sehemu ya mgonjwa. Katika bima hiyo hiyo mgonjwa anachangia 5 kwa mia. Kwa hesabu ya rupia 100,000, bima inatoa 95,000, na yeye anatoa 5,000. Feza hizo ziwe tayari nyumbani.

Ukiisha kupokea barua, una siku 30 za kuisoma. Kama haikupendezi, unaweza kuirudisha, na mchango unarudishwa, isipokuwa gharama ndogo.

5. SIKU YA HOSPITALI

Kuna njia mbili. Katika hospitali iliyo na mapatano na kampani ya bima, unaonyesha karti yako, na hospitali inaomba ruhusa. Kwa sheria ya 2024, kampani inapaswa kujibu katika saa moja. Siku ya kutoka, inapaswa kumaliza hesabu katika saa tatu, mgonjwa asishikwe kama mfungwa. Katika hospitali isiyo na mapatano, unalipa mwenyewe, halafu unadai. Hapo kila karatasi ni feza: barua ya munganga, hesabu ya dawa, majibu ya vipimo, barua ya kutoka. Anayetupa karatasi ametupa feza.

Kampani ikikataa, mtu asikae kimya. Anaandikia kwanza kampani yenyewe. Isipomjibu vizuri, anapeleka neno kwa mwamuzi wa mambo ya bima, ambaye hadai malipo.

6. KAZI IKIISHA

Hapa ndipo somo linatugusa zaidi. Mfanya kazi wa mgodi anazoea kwamba hospitali ni ya kampani. Hafikiri. Siku ya pansiyo, ao siku kazi inapofungwa, anaamka na umri mkubwa, kifua kimechoka kwa vumbi, na mlango wa hospitali umefungwa. Wakati anapohitaji munganga zaidi, ndipo anampoteza. Wengi kati yetu tumewaona wazee wa namna hiyo katika mitaa yetu.

Huko India wametafuta dawa ya jambo hilo. Mwenye bima ya kundi anaweza kuomba kuhamia bima yake mwenyewe katika kampani ile ile ya bima, na muda aliokwisha kungoja unahesabiwa, haanzi upya. Lakini anapaswa kuuliza mbele ya kuondoka. Mwenye bima ile ya mshahara mdogo, akifanya kazi miaka ya kutosha mpaka pansiyo, anaweza kutunzwa pamoja na bibi yake kwa mchango wa rupia 120 kwa mwaka mzima. Na wachimbaji wa makaa wana mpango wao wa matibabu ya wazee, unaotokana na michango.

Na mwenye bima yake asisahau tarehe. Anayelipa kwa mwaka ana siku 30 za kuvumiliwa. Anayelipa kwa mwezi ana siku 15. Zikipita, bima inakatika, na miaka yote ya kungoja inaweza kupotea.

TUJIPIME

Someni maulizo haya nyumbani, baba na mama pamoja:

– Ni nani katika jamaa yetu ameandikwa katika makaratasi ya matibabu ya kampani? Mtoto wa mwisho ameandikwa?
– Matibabu yetu yanaisha siku gani? Siku ya mwisho ya kazi, ao baadaye?
– Kama baba akifa, mama na watoto wanatibiwa na nani?
– Makaratasi ya munganga tunayaweka wapi?

Kama huwezi kujibu ulizo moja, usione haya. Nenda kwa karani wa biro ya wafanya kazi, ao kwa mjumbe wa sendika, uulize, na jibu uliandike. Fanya hivyo wiki hii, wakati wote nyumbani wangali wazima. Mgonjwa hana nguvu za kusoma herufi ndogo.