Malezi: Upendo Wenye Mipaka

Wazazi wengi hudhani kwamba kuna njia mbili tu za kumlea mtoto: fimbo au kudekeza. Mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, aliyechunguza watoto wadogo na wazazi wao katika miaka ya 1960, alieleza njia ya tatu, ya mzazi anayempenda na kumsikiliza mtoto huku akisimamia mipaka bila kuyumba.

Mathalani, mtoto wa miaka 10 ameagizwa arudi kabla ya magharibi, naye anarejea saa mbili usiku kutoka kwenye kibanda cha kuoneshea mpira. Mzazi mkali humpiga kabla ya kuuliza lolote. Mpole kupita kiasi humpakulia chakula, akanyamaza. Mzazi wa njia ya tatu naye humpakulia, kwa kuwa chakula ni haki ya mtoto. Akishakula, humuuliza alikuwa wapi na nani, humweleza hatari za gizani, kisha humwambia kwamba kwa siku mbili hatakwenda kutazama mpira. Kazi ngumu huanza kesho yake. Mtoto hulia, na huruma ya mchana hufuta agizo la usiku. Hapo hujifunza kwamba kilio kina nguvu kuliko kauli ya mzazi. Bibi na baba nao hawana budi kushirikishwa, maana mtoto anyimwaye ruhusa na mama hukimbilia kwa bibi, na mabibi, kama ijulikanavyo, ni wepesi wa kusamehe.

Kipigo kina hasara isiyoonekana upesi. Mtoto anayemwogopa mzazi huficha makosa yake, na aliyezoea kuficha huweza kunyamaza hata anapotendewa uovu na mtu mzima, awe jirani au ndugu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili, wala haihalalishi adhabu isiyolingana na umri wake na hali yake ya mwili na akili.

Mzazi aliyelemewa, hasa anayelea peke yake, anaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri kwa ushauri. Taarifa za ukatili dhidi ya mtoto hutolewa kwa simu namba 116, bila malipo, au katika Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha Polisi. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga namba hiyo, afundishwe kuikariri.