Kuzamia Meli ya Kale Katika Maji ya Baridi Kali: Maswali ya Mzamiaji Mgeni

Marikebu ya tanga iitwayo Sweepstakes ilijengwa Burlington, Ontario, mwaka 1867. Agosti 1885 ilipata ajali karibu na Kisiwa cha Cove katika Ziwa Huron, ikiwa imebeba makaa ya mawe. Ilivutwa hadi bandari ndogo ya Big Tub, katika kijiji cha Tobermory, na huko ikazama mwezi uliofuata. Makaa yaliopolewa, chombo kikaachwa. Sasa kimelala mita kama 6 tu chini ya maji, ndani ya Fathom Five, hifadhi ya Kanada ya mwaka 1987 yenye mabaki ya meli zaidi ya 20. Kina hicho kidogo huwavuta wageni wengi, wakiwemo Waswahili waishio Toronto, na ndicho pia kinachowadanganya.

Ni ya mbao. Mbona haijaoza?

Mtu wa pwani ana haki ya kuuliza. Jahazi lisipopandishwa ufukweni likakwanguliwa na kupakwa deheni, wadudu wa baharini hulitoboa mbao mpaka likawa halifai. Wadudu hao, ambao kwa kweli ni jamii ya chaza wenye umbo la mnyoo, huishi kwenye maji ya chumvi. Ziwa Huron halina chumvi, na baridi yake hupunguza kasi ya bakteria na kuvu wanaoozesha miti. Ndiyo maana mzamiaji anayefika pale huikuta marikebu yenye urefu wa mita 36 hivi, umbo lake likiwa bado linatambulika kutoka tezi hadi omo. Mtambo wa kuvutia nanga bado upo mbele. Si rundo la vijiti. Ni chombo ambacho baharia wa zamani angekijua.

Lakini mbao za miaka zaidi ya 150 hazina nguvu za ujana. Sitaha imelazimika kukarabatiwa ili isiporomoke. Mapezi ya mzamiaji asiyejimudu yanaweza kuvunja ubao kwa teke moja, na mapovu ya anayeingia ndani hunaswa chini ya sitaha na kuisukuma juu. Kwa hiyo itazame kwa nje, nawe uelee juu yake bila kushika kitu.

Mita 6 si sawa na bwawa la kuogelea?

Sivyo, na hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Katika mita 6 shinikizo ni kama mara 1.6 ya lile la juu ya maji. Hewa ya mapafu hutanuka unapopanda, na hutanuka kwa kiwango kikubwa zaidi katika mita chache za mwisho. Mzamiaji aliyevuta pumzi kamili kutoka kwenye mtungi, akaibana na kupanda haraka, anaweza kupasua mapafu hata kutoka kina kisichofika urefu wake mwenyewe. Kanuni ya kwanza ya mchezo huu haina mjadala: usibane pumzi kamwe, pumua mfululizo. Masikio nayo huanza kuuma katika mita 2 au 3 za mwanzo, hivyo yasawazishe mapema kabla ya maumivu, na ukiwa na mafua kaa nchi kavu.

Mtungi una oksijeni tupu?

Hapana. Una hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, oksijeni ikiwa asilimia 21.

Nina cheti nilichopata Zanzibar. Kinatosha?

Kwa karatasi, ndiyo. Vyeti vya vyama vikubwa vya wazamiaji hutambulika kokote. Kwa mwili, bado. Bahari ya Zanzibar huwa na nyuzi kati ya 25 na 29, na wengi hujifunza wakiwa na vazi jembamba. Katika Ziwa Huron maji ya juu huweza kuwa ya kuvumilika mwezi Agosti, lakini chini yake kuna tabaka la nyuzi 4 hadi 6, na upepo mkali ukivuma huweza kuipandisha baridi hiyo ghafla. Aliyezamia jana kwa raha anaweza leo kukuta ziwa jingine kabisa.

Mwili ukiingia ghafla kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 15, pumzi hukatika, ukaanza kuhema bila kujizuia. Hali hiyo huwa mbaya zaidi katika sekunde 30 za kwanza, kisha hutulia ndani ya dakika 2 au 3. Basi usishuke papo hapo. Lowesha uso, elea, subiri pumzi irudi, ndipo uanze safari ya chini.

Vazi nalo ni somo. Wengi huvaa neopreni ya milimita 7 pamoja na kofia na glavu. Neopreni nene huelea, hivyo mkanda wa risasi utakuwa mzito kuliko ulivyozoea. Wengine huvaa vazi lisiloingiza maji, ambalo hutaka mafunzo yake maalumu, kwa sababu hewa ikikimbilia miguuni hukupindua kichwa chini. Ndani ya glavu nene vidole havihisi kitufe cha kutoa hewa kwenye jaketi la kuelea. Fanya mazoezi ya kukitafuta ukiwa umefumba macho, ungali juu.

Kwa nini kipumulio huganda?

Fungua tundu la tairi la gari lililojaa: upepo unaotoka huwa wa baridi. Hewa inapotoka kwenye mtungi wenye shinikizo kubwa na kupita kwenye kipumulio kuja mdomoni hupoa vivyo hivyo, lakini zaidi. Maji yakiwa karibu na nyuzi 4, barafu huweza kushika vali ikabaki wazi, na hewa ikamwagika bila kukoma. Kodi kipumulio kilichotengenezwa kwa maji ya baridi, usikipumulie ukiwa nje kwenye upepo wa baridi, na kikianza kumwaga hewa maliza safari kwa utulivu pamoja na mwenzako. Mita 6 ni karibu na juu. Hiyo ndiyo rehema ya mahali hapa.

Nitajuaje kwamba nimepoa mno?

Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya kama mara 25 kuliko hewa. Kutetemeka kusikokoma, vidole vinavyokataa amri, na kujibu polepole ishara za mwenzako ni dalili za kutoka mara moja. Usingoje mtungi uishe. Ukitoka vua vilivyolowa, jifunike, kunywa kitu cha moto. Pombe haipashi joto. Hupanua mishipa ya ngozi na joto likatoroka.

Naweza kuchukua kipande cha kumbukumbu?

Hata msumari, hapana. Kila kilichomo kinalindwa kisheria. Piga picha.

Nisiyejua kuzamia nikose?

Hukosi. Boti za sakafu ya kioo hupita juu ya marikebu hii, na maji ni meupe kiasi cha kuiona vizuri. Kwa sababu ya boti hizo, mzamiaji hupaswa kufuata saa alizopangiwa na kuweka bendera yake.

Narudi nyumbani kwa ndege. Nisubiri muda gani?

Angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na saa 18 ukizamia mara kadhaa. Panga safari yako hivyo tangu nyumbani.

Kabla ya yote, jiandikishe kwenye kituo cha wageni cha hifadhi. Kila mzamiaji anatakiwa kufanya hivyo, na wahudumu wa pale ndio watakaokueleza saa za kuzamia na hali ya maji ya siku hiyo. Wakikushauri usizamie, panda boti ya kioo.