SOMO: KUWATOA AHALI ZETU KUTAZAMA VIUMBE VYA MWENYEZI MUNGU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo chake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ahali zake, na masahaba zake. Ama baad:

Ndugu Waislamu, mas'ala ya somo letu ni haya: Je, yafaa Mwislamu kumchukua mkewe na wanawe, akatumia siku moja ya mapumziko kwenda kutazama maajabu ya maumbile, kama vile twiga wa Bour-Algi na Mto Tana kule Garissa? Au huo ni upuuzi, na ni kazi ya watalii tu, isiyotuhusu sisi?

Watu katika jambo hili wamekuwa makundi mawili, na yote mawili yamekosea. Kundi la kwanza lasema kwamba mke na watoto mahali pao ni nyumbani, na kutembea kwa kutazama wanyama ni kupoteza wakati. Wasemao hivi, wao wenyewe hawakai nyumbani: jioni yote wako barazani, na wengine wako penye mirungi mpaka usiku wa manane. Mwenye kupata fedha za mirungi kila siku hawezi kudai kuwa amekosa nauli ya ahali zake mara moja kwa mwaka. Kundi la pili hutoka, lakini dini huiacha mlangoni: Sala hupita, chakula hutupwa, watoto huwarushia wanyama mawe, na siku nzima huishia katika kupigana picha.

Haki iko kati ya makundi haya. Qur'ani imetuamrisha tutembee katika ardhi na tuangalie jinsi uumbaji ulivyoanza. Na katika Surat al-Ghashiya tumeelekezwa tumtazame ngamia alivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Amri hiyo haikuwahusu wanaume peke yao. Na Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) safarini, na alimsitiri akawatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki. Basi anayeona kumfurahisha mkewe kwa jambo la halali ni kujishusha hadhi, na ajiulize amemfuata nani.

Sasa natutazame hayo ya Garissa. Bour-Algi iko kilomita chache kusini ya mji, na hapo wenyeji wametenga mahali pa kuwahifadhi twiga. Ni twiga wa Kisomali, ambaye ngozi yake ni kama wavu mweupe uliotandazwa juu ya rangi ya hudhurungi, na hapana wawili wenye mabaka yaliyo sawasawa. Dume lake hupita mita 5 kwa urefu, lakini mifupa ya shingo yake ni saba tu, idadi ile ile iliyo shingoni mwako wewe. Ili damu ipande mpaka kichwani, moyo wake wenye uzito wa kilo 11 hivi husukuma kwa nguvu iliyo kama mara mbili ya nguvu ya moyo wa mwanadamu. Na anapoinama kunywa maji, mishipa ya shingo ina vilango vidogo vinavyoizuia damu isirudi kichwani ikamdhuru. Baba akimweleza mwanawe hayo huku mtoto anamwona mnyama mwenyewe kati ya migunga, amemfundisha tauhidi kwa somo ambalo hatalisahau.

Na Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, wapata kilomita 1,000. Maji yake yatoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, yakapita katika mabwawa ya umeme, yakaivuka nchi kavu ya Garissa, yakafika baharini Kipini. Basi sisi watu wa pwani tusidhani kuwa nchi ile ni pori lisilotuhusu. Maji yanayopita kwao ndiyo yanayofika kwetu.

Zimebaki hukumu ambazo hapana budi mwenye safari azijue. Mkaazi wa Garissa aendaye Bour-Algi hapunguzi Sala, kwani mwendo ni mfupi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi safari ya kupunguza ni marhala mbili, yaani zaidi ya kilomita 80. Ama aliyetoka Mombasa au Lamu akafikia kwa jamaa zake Garissa, naye hakunuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huyo ni msafiri: aweza kupunguza, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Ijumaa isifanywe siku ya matembezi ikiwa itawapotezea wanaume Sala yao. Wanawake na wavae sitara yao, na chakula kiwe cha kadiri, kwani israfu ni haramu popote.

Na tahadhari ni katika dini. Tana ina mamba na viboko, wala mtoto asiachwe kucheza ukingoni. Mwaka 2023 na 2024 mafuriko yaliikata barabara iingiayo Garissa, na Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha watu upande wa Madogo ilipinduka, wakafa watu. Basi uliza habari za njia kabla ya kuondoka, wala usiseme "natawakali" ukaacha kuuliza.

Hatimaye, kutazama peke yake hakutoshi. Mtume (S.A.W.) amekataza kuchafua palipo na maji, na njia za watu, na kivuli wanachopumzikia, nasi twaacha mifuko na chupa chini ya mgunga ule ule uliotupa kivuli! Desemba 2021, katika ukame mkali, twiga sita walikutwa wamekufa katika hifadhi ya Sabuli, Wajir: walidhoofika kwa njaa na kiu, wakaingia katika bwawa lililokaribia kukauka, wakanasa topeni. Na mwaka 2018 twiga wa aina hii alikwisha kutangazwa kuwa katika hatari ya kutoweka. Sisi ni umma uliofundishwa kwamba mtu alisamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na kwamba mwanamke aliadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia. Wawindaji wakimaliza twiga, na wachafuzi wakiharibu mto, nasi tuko kimya, wajukuu wetu watakwenda kutazama nini? Na sisi tutajibu nini tutakapoulizwa juu ya amana hii?

Basi, ndugu zetu, watoeni ahali zenu kwa heshima na kwa nia njema, muwarudishe na ilimu zaidi kuliko waliyotoka nayo. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuzingatia na nyoyo zenye kushukuru. Amin.

Wallahu aalam.