Kubadili Umbo la Safu za Namba bila Kuchanganya Wagonjwa

Vipimo vya wagonjwa huhifadhiwa kompyutani vikiwa mfululizo mrefu wa namba. Ili visomeke, mtafiti huvipanga katika safu yenye mihimili kadhaa. Somo hili laeleza upangaji huo katika lugha ya Python, kwa kutumia maktaba ya NumPy, pamoja na kosa moja ambalo kompyuta hailitolei onyo.

Kubadili umbo

Chukulia wagonjwa wawili waliopimwa shinikizo la damu kwa siku tatu, asubuhi na jioni. Vipimo vya shinikizo la juu, kwa milimita za zebaki, vimewekwa katika safu iitwayo *a*:

120, 124, 118, 122, 121, 125, 158, 162, 160, 165, 155, 159

Namba sita za mwanzo ni za mgonjwa wa kwanza, sita za mwisho ni za wa pili. Amri *b = a.reshape(2, 3, 2)* huzipanga kwa mgonjwa, siku na wakati. Sharti ni moja: zao la ukubwa wa mihimili lilingane na idadi ya namba. Hapa 2 × 3 × 2 ni 12.

Kusoma kwa faharasa

Faharasa ni anwani ya namba ndani ya safu, na Python huanza kuhesabu kwa 0. Hivyo *b[1, 2, 0]* ni mgonjwa wa pili, siku ya tatu, asubuhi: 155. Nukta mbili humaanisha mhimili wote. *b[1, :, 0]* hutoa vipimo vyote vya asubuhi vya mgonjwa huyo: 158, 160, 155.

Kosa lisilo na onyo

Tuseme mtafiti ataka siku itangulie mgonjwa, akaandika *b.reshape(3, 2, 2)*. Amri inakubaliwa, kwa kuwa zao bado ni 12. Lakini *reshape* haihamishi namba. Hukata upya mfululizo uleule. Sasa siku ya kwanza ya “mgonjwa wa pili” inasomeka 118 na 122, ambavyo kwa hakika ni vipimo vya mgonjwa wa kwanza vya siku ya pili. Mwenye shinikizo kubwa anaonekana mzima.

Amri sahihi ni *b.transpose(1, 0, 2)*, ambayo hubadilishana mihimili huku kila namba ikibaki na mwenyewe.

Hatari kama hiyo huwapata wanaohamisha data kutoka R au MATLAB. Lugha hizo huanza kuhesabu kwa 1, na hujaza safu kwa kutanguliza mhimili wa kwanza, ilhali NumPy kwa kawaida hutanguliza wa mwisho.

Uhakiki

Kabla na baada ya kila badiliko, mtafiti akokotoe wastani wa kila mgonjwa. Katika mfano huu wastani sahihi ni takriban 122 na 160. Baada ya kosa lile, huwa 136 na 146, ingawa jumla ya namba zote haikubadilika. Kwa hiyo jumla pekee si ushahidi wa usahihi. Kompyuta huhesabu namba. Kujua kila namba ni ya nani ni wajibu wa mtafiti.