Kipimo cha Tezi Kimerudi: Je, Dozi Ipande?

Weka vidole viwili mbele ya shingo yako, chini kidogo ya kikoromeo. Hapo ndipo ilipo tezi ya shingo. Ina umbo la kipepeo, na kwa kawaida huwezi kuiona wala kuigusa ukaihisi. Kazi yake ni kutengeneza homoni iitwayo thairoksini, ambayo huuambia mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Ikipungua, mtu huhisi baridi, uchovu na usingizi, hufunga choo, na masomo hayaingii kichwani. Ikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda na usingizi hukimbia.

Mtu ambaye tezi yake imechoka, au imeondolewa kwa upasuaji, hupewa kidonge cha levothairoksini. Ni homoni ileile, ila imetengenezwa kiwandani. Baada ya hapo hupimwa damu mara kwa mara, na kipimo kikubwa huandikwa TSH. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tuende polepole.

TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuita. Mfikirie mama aliyemtuma mtoto maji kisimani. Maji yakichelewa, mama hupaza sauti. Yakizidi kuchelewa, anapiga kelele mpaka majirani wanasikia. Maji yakifika kwa wingi, ananyamaza. TSH ndiyo sauti ya mama, na thairoksini ndiyo maji. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, maana yake homoni ni CHACHE. TSH ikiwa chini sana, homoni imezidi. Watu wazima wengi wenye afya huwa kati ya 0.4 na 4 hivi, lakini kila maabara huchapa kiwango chake pembeni mwa jibu. Soma hicho, usisome cha rafiki yako.

Sasa tuseme kuna mwanafunzi wa kidato cha tatu, anasoma bweni hapa Tunduma. Anameza maikrogramu 50 kila siku. Damu yake imepelekwa maabara Mbeya, kilomita 100 hivi kutoka hapa, na jibu limerudi: TSH ni 12. Iko juu. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Wengi watajibu haraka, "Aongezewe dozi!" Yeye mwenyewe anafikiria kuanza kumeza viwili viwili kuanzia kesho.

Subiri kwanza. Namba ile inasema homoni ni chache. Haisemi KWA NINI ni chache. Daktari mzuri atamuuliza: unameza saa ngapi, na unameza pamoja na nini? Kumbe dada huyu humeza kidonge chake bwaloni, kati ya vijiko vya uji wa lishe wenye soya, halafu papo hapo anameza na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa zahanati. Madini ya chuma hushikana na levothairoksini tumboni, na sehemu kubwa ya dawa hutoka chooni bila kuingia kwenye damu. Kalsiamu hufanya hivyohivyo, na baadhi ya dawa za kiungulia pia. Soya, maziwa na kahawa hupunguza dawa inayoingia. Ndiyo, hata kahawa yetu ya Mbozi!

Basi dozi yake haina kosa. Kosa ni saa. Ameze kidonge saa 11 alfajiri anapoamka, kwa maji matupu, akae nusu saa au saa nzima ndipo anywe uji. Vile vya kuongeza damu avihamishie jioni. Kati ya chuma au kalsiamu na dawa ya tezi zipite saa 4. Mbona tunasisitiza hivyo? Kwa sababu angepandishiwa dozi mpaka 100, kisha siku moja akarekebisha saa za kumeza, angejikuta na homoni nyingi kupita kiasi, moyo unadunda na macho makavu usiku kucha, pengine wiki ya mtihani. Ikiendelea kwa miaka, mifupa nayo huathirika.

Akisharekebisha asipimwe wiki ijayo. Nusu ya dawa unayomeza leo bado imo mwilini baada ya wiki moja, na TSH nayo hubadilika taratibu. Husubiriwa wiki 6 hadi 8. Kama bado iko juu, hapo daktari ataongeza, kwa kawaida kidogo kidogo, labda maikrogramu 12.5 au 25. Kujisikia vizuri si sababu ya kuacha, na uchovu wa siku mbili si sababu ya kuongeza. Uchovu unaletwa na mambo mengi: malaria, upungufu wa damu, hata kukesha ukisoma.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu nyanda za juu limetuzoesha vibaya. Mvua za miaka maelfu zimeosha madini joto kwenye udongo wa milimani, na ndiyo maana babu na bibi zetu wengi walikuwa na rovu shingoni. Miaka ya 1980 na 1990 watu wa wilaya zilizoathirika walipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 serikali ikaagiza chumvi ya kula itiwe madini hayo. Kazi hiyo ilisaidia sana. Chumvi yenye madini joto ndiyo ya kununua. Ile isiyotiwa, hata ikiwa ya asili kama iliyochemshwa kule Ivuna kwa karne nyingi, usiitegemee kwa hilo.

Lakini wengine wakahitimisha kwamba kila tatizo la tezi dawa yake ni madini joto. Si kweli. Madini joto ni kama unga, na thairoksini ni ugali. Jiko likibomoka, kuongeza unga hakuleti ugali. Tena madini mengi ya ghafla yanaweza kuleta madhara. Mwaka 1995 madaktari wa Zimbabwe waliripoti ongezeko la watu ambao tezi zao zilikwenda mbio baada ya madini joto kuongezwa, na 1996 ikaripotiwa hivyo Kivu, Kongo. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye rovu la siku nyingi lenye vinundu. Chumvi ya kawaida mezani inatosha. Matone na vidonge vya nyongeza visubiri ruhusa ya daktari.

Vidonge vya kuotesha nywele na kucha navyo vitajwe kabla ya kutolewa damu. Vingi vina biotini, ambayo katika mashine fulani huifanya TSH ionekane ndogo kuliko ilivyo. Kwa kawaida huachwa siku mbili au zaidi kabla ya kipimo. Na ukinunulia dawa upande wa Nakonde au duka lingine lolote, soma boksi. Kidonge cha 25 na cha 100 vinaweza kufanana kama mapacha.

Mwanamke anayetumia dawa hii akijua ana mimba, asisubiri tarehe iliyo kwenye kadi. Miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea thairoksini ya mama, kwa hiyo dozi mara nyingi hupandishwa mapema na damu hupimwa kila wiki 4 hivi hadi mimba ifike nusu. Vile vidonge vya chuma anavyopewa kliniki aendelee navyo, ila avimeze jioni. Akijifungua, dozi hurudishwa ilivyokuwa, na kipimo hurudiwa baada ya wiki 6.